Diski ya Kompyuta si Chungu cha Mganga

Miaka kadhaa iliyopita, katika shule moja ya sekondari nilikokuwa nikifundisha hisabati, tulipoteza alama za maendeleo za wanafunzi za miaka mitatu katika asubuhi moja. Alama hizo hazikuibwa, wala hazikuungua. Tulizifuta sisi wenyewe, kwa mikono yetu, kwa sababu tuliambiwa kwamba zimekwisha kufa.

Zilikuwa zimehifadhiwa katika programu ya zamani iliyotungwa kwa ajili ya Windows XP. Kompyuta tulizopewa baadaye zilitumia Linux, na programu ile haikuweza kufanya kazi humo. Kijana mmoja aliyekuwa akijitolea shuleni alitupatia njia nzuri: aliunda ndani ya kompyuta ya ofisi kompyuta nyingine ya kuigiza, akaiwekea Windows XP, na humo akaiweka programu yetu. Kwa muda mrefu mambo yalikwenda salama. Usiku mmoja umeme ukakatika ghafla, na kesho yake kompyuta ile ya ndani ikakataa kuwaka. Kioo kilikuwa cheusi, kikiwa na herufi chache nyeupe za Kiingereza. Fundi aliyeitwa alijaribu mara mbili tatu, kisha akasema, "Mwalimu, hii imekufa. Tuifute tuanze upya." Tukaifuta.

Leo najua kwamba tulizika mtu aliyekuwa amezimia. Kilichoharibika, kwa kadiri niwezavyo kuamua sasa, kilikuwa mafaili machache yanayohitajiwa ili mfumo uanze kazi. Alama za wanafunzi zilikuwa zimelala mahali pake, nazo zingeweza kusomwa na kutolewa kwa amri mbili zilizoandikwa kwa kibodi, bila hata kuiwasha kompyuta ile iliyokataa kuwaka. Simlaumu fundi, maana hakuna aliyemfundisha. Wala mimi sikufundishwa. Lawama yangu naielekeza kwenye namna tunavyofundisha kompyuta katika shule zetu: tunamfundisha mwanafunzi kubonyeza picha zilizoko juu ya kioo, lakini hatumfundishi kutazama kilichomo ndani. Diski imekuwa kama chungu cha mganga. Kila mtu anajua kwamba kina kitu, na hapana anayethubutu kukifunua.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Kompyuta pepe ni kompyuta isiyo na mwili wa chuma wa peke yake. Ni programu inayoigiza kompyuta nzima, pamoja na kichwa chake cha kukokotoa, kumbukumbu yake, kioo chake na diski yake, hata mfumo endeshi uliowekwa ndani yake ukafanya kazi kana kwamba umekaa katika mashine ya kweli. Kompyuta ya chuma inayobeba huitwa mwenyeji, na ile inayobebwa huitwa mgeni. Majina haya yanafaa sana, kwa kuwa mgeni hula, hunywa na hulala kwa mwenyeji, lakini ana siri zake na tabia zake, na si kila mgeni ni mwema.

Wengi hudhani kwamba jambo hili ni la jana. Sivyo. Mwaka 1967 wataalamu wa kampuni ya IBM huko Cambridge, Massachusetts, nchini Marekani, walikuwa na mfumo uitwao CP-40 uliogawa mashine moja kubwa kuwa mashine kadhaa za kuigiza, na kila mtumiaji akapewa yake. Mwaka 1972 kampuni hiyo ilitangaza mfumo wa VM/370 kwa wateja wake. Tangu siku hizo mtumiaji alipewa kipande cha diski kubwa naye akakiona kama diski kamili iliyo mali yake peke yake. Kilichobadilika ni bei. Programu ya QEMU, iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2003, hutolewa bure pamoja na maandishi yake ya asili, na VirtualBox, iliyotoka mwaka 2007, nayo ina toleo la namna hiyo. Jambo lililokuwa la mashine za kujaza chumba kizima sasa lawezekana juu ya meza ya mwalimu.

Sasa tuje kwenye diski yenyewe. Kwa mgeni, diski ni kifaa kamili. Kwa mwenyeji, diski hiyohiyo ni faili moja tu, lililowekwa katika saraka fulani kando ya barua za mwalimu mkuu na picha za mahafali. Faili hilo laweza kunakiliwa, kupewa jina jingine, kuhamishwa katika kijiti cha kumbukumbu, au kufutwa, kama tulivyofanya sisi. Mtu akishika ukweli huu mmoja, woga wote humtoka, kwa sababu faili ni mfululizo wa baiti, na baiti ni namba kuanzia 0 hadi 255. Hakuna kingine ndani yake. Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza anaweza kusoma namba.

Jambo la kwanza analokutana nalo mchunguzi ni fumbo la ukubwa. Mathalani, amri ya ls -lh humwambia kwamba faili la diski lina gigabaiti 20, na amri ya du -h, kwa faili lilelile, humwambia kwamba linachukua gigabaiti 3 tu. Amri zote mbili zinasema kweli. Hati ya shamba yaweza kuandikwa ekari ishirini, na zilizolimwa zikawa tatu. Zilizobaki ni pori ambalo halijaguswa na jembe. Mgeni ameahidiwa gigabaiti 20, lakini mwenyeji hatoi nafasi ya kweli mpaka mgeni atakapoandika kitu hapo. Amri ya qemu-img info huonyesha hesabu zote mbili pamoja, ile ya ahadi na ile ya matumizi. Msimamizi asiyejua tofauti hii atawakaribisha wageni kumi katika mashine isiyo na nafasi ya wanne, na siku watakapoanza kulima ekari zao zote, wote watakwama kwa pamoja.

Jambo la pili ni kwamba mafaili ya diski si ya aina moja, na kila aina ina alama yake mwanzoni, kama chapa juu ya ng'ombe. Faili la aina ya qcow2, linalotumiwa na QEMU, huanza kwa herufi Q, F na I zikifuatwa na baiti yenye thamani 251. Faili la VirtualBox lina sentensi nzima ya Kiingereza inayotaja jina la programu hiyo, nayo husomeka wazi kabisa. Amri ya file huzitambua chapa hizi kwa niaba yetu, lakini mimi napendelea mwanafunzi azione kwanza kwa macho yake kwa kutumia od au xxd, amri zinazochapa baiti mojamoja. Kuona herufi hizo zikijitokeza katikati ya namba, mahali pale ambapo kitabu kilisema zitakuwapo, ni furaha ileile ya kuona rangi ya litmasi ikibadilika.

Tena lipo somo la hesabu humu ambalo sijapata kuliona bora kuliko hilo. Diski iliyogawanywa kwa mtindo wa zamani, ikiwa imehifadhiwa wazi bila kufungwa katika aina nyingine, huanza na kipande cha baiti 512. Baiti 446 za mwanzo ni za programu ndogo ya kuanzishia kazi. Zinafuata safu nne za baiti 16 kila moja, zinazoeleza diski imegawanywa katika sehemu zipi, na mwisho baiti mbili za muhuri, ambazo katika namba za msingi wa kumi na sita huandikwa 55 na AA. Jumlisha: 446, na 64, na 2, ni 512 kamili. Katika kila safu, mahali pa kuanzia na urefu wa sehemu huandikwa kwa biti 32, na kila kipande kina baiti 512. Basi urefu mkubwa kabisa uwezao kutajwa ni mbili kwa kipeo cha thelathini na mbili mara 512, yaani baiti 2,199,023,255,552. Ndiyo sababu diski kubwa zaidi ya hapo zilihitaji mtindo mwingine wa kugawanya. Mwanafunzi anayeuliza vipeo vina faida gani maishani, na wote huuliza, apewe swali hili.

Kusoma baiti kwa mkono kunatosha kuondoa woga, lakini hakutoshi kurudisha alama za miaka mitatu. Ndani ya kila sehemu ya diski mna mfumo wa faili, yaani utaratibu wa kuandika majina ya mafaili na mahali yalipo. Na mifumo hiyo ni mingi, kila mmoja una kanuni zake nzito. Hapa ndipo inapofaa zana ambayo nataka walimu waijue. Inaitwa libguestfs. Ilianzishwa mwaka 2009 na Richard Jones wa kampuni ya Red Hat, nayo hutolewa bure. Pamoja nayo huja kundi la amri fupi, kila moja kwa kazi yake. Amri ya virt-filesystems hutaja sehemu za diski na mifumo ya faili iliyomo. virt-df huonyesha nafasi iliyotumika na iliyobaki ndani ya mgeni. virt-ls huorodhesha mafaili ya saraka, virt-cat huchapa faili moja, na virt-copy-out hulitoa faili au saraka nzima na kuiweka kwa mwenyeji. virt-inspector husema diski ina mfumo endeshi gani, wa toleo gani, na programu zipi zimewekwa. virt-diff hulinganisha diski mbili na kutaja tofauti za mafaili yaliyomo. Na kwa mtu anayetaka kukaa na kutembea ndani kwa utulivu, ipo guestfish, ambayo humpokea kwa mstari wa amri na kumjibu swali baada ya swali. Mgeni haamshwi wakati huo wote. Amelala, nasi tunapitia mizigo yake.

Laiti siku ile tungalijua, tungaliandika virt-ls kutafuta saraka ya programu yetu, kisha virt-copy-out kuitoa, na saa nne asubuhi tungalikuwa tunakunywa chai.

Namna zana hii inavyofanya kazi yastahili maelezo, kwa kuwa ina funzo zaidi ya kompyuta. Mtu angetarajia kwamba programu ya kusoma diski ingeifungua diski hiyo moja kwa moja ndani ya kompyuta ya mwenyeji. Haifanyi hivyo. Huanzisha kwanza kompyuta pepe nyingine, ndogo sana, yenye kiini cha Linux na vifaa vichache tu. Humkabidhi huyo mdogo diski inayochunguzwa, naye ndiye anayeisoma na kuleta majibu. Kazi ikiisha, huyo mdogo huzimwa na kusahauliwa. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba Linux imekwisha kujua kusoma mifumo mingi ya faili, basi hakuna haja ya kuandika upya maarifa hayo. Ya pili ni usalama. Diski yaweza kuwa imetengenezwa na mtu mwenye nia mbaya, ikawa na mfumo wa faili uliopotoshwa kwa makusudi ili umwangushe anayeusoma. Akianguka yule mdogo, hasara ni sekunde chache; akianguka kiini cha mwenyeji, nyumba nzima imeanguka. Ndivyo anavyofanya daktari wa mifugo: ng'ombe aliyetoka mbali humpima katika zizi la karantini, hamwingizi kwanza bandani ndipo ampime.

Na wapo wageni wajanja kweli. Nitasimulia hila moja inayojulikana sana kwa wataalamu wa kazi hii, kwa sababu wanafunzi huipenda. Ikiwa diski ya mgeni ni ya aina ya wazi, basi mgeni ana ruhusa ya kuandika chochote katika baiti yoyote, pamoja na zile za mwanzo kabisa. Sasa tuseme mwenyeji ana desturi ya kubahatisha aina ya diski kwa kutazama chapa yake. Mgeni mjanja ataandika mwanzoni mwa diski yake chapa ya qcow2. Aina hiyo ya qcow2 ina jambo moja la pekee: yaweza kusema, "mimi ni nyongeza tu, msingi wangu ni faili fulani," na kulitaja kwa jina. Mgeni atataja faili la siri la mwenyeji. Siku nyingine mwenyeji akiiwasha mashine hiyo, ataiona chapa, ataiamini, atalifungua faili lake mwenyewe la siri na kumsomea mgeni kana kwamba ni sehemu ya diski yake. Kinga yake ni rahisi: usibahatishe, taja aina mwenyewe katika amri, kwa maneno --format=raw. Nimewahi kuwauliza wanafunzi, "Kosa lilikuwa la nani?" Wengine walisema la mgeni, kwa kuwa ni mwizi. Msichana mmoja akasema la mwenyeji, kwa kuwa alimwuliza mgeni habari ambazo yeye mwenyewe alikuwa anazijua. Nilimpa alama zote.

Kuna tahadhari moja ambayo naitilia mkazo kuliko nyingine zote. Kutazama ni tofauti na kugusa. Amri ya guestfish ikiandikwa pamoja na neno --ro hufungua diski kwa kusoma tu. Lolote litakalotokea, faili la diski halitabadilika. Bila neno hilo yaweza kuandika, na mtu anayeandika katika diski ya mgeni aliye macho, anayefanya kazi wakati huohuo, ataiharibu diski hiyo. Wapishi wawili wanaotia chumvi chungu kimoja bila kuonana wanajulikana mwisho wao. Mgeni ana kumbukumbu yake ya mahali mafaili yalipo, hakuambiwa kwamba wewe umeyahamisha, naye ataendelea kuandika juu ya ulichoandika. Kwa hiyo kanuni ya maabara iwe hii: nakili faili la diski kwanza, chunguza nakala, tumia --ro hata juu ya nakala. Ikibidi kurekebisha, mgeni azimwe kabisa. Fundi wetu angalifanya hatua ya kwanza tu, ya kunakili, hata kama hakujua nyingine yoyote, tungalikuwa na alama zetu mpaka leo.

Najua pingamizi litakalotoka kwa walimu wenzangu, kwa maana nimelisikia katika chumba cha walimu. Wanasema: "Unawafundisha watoto wizi. Mtu anayejua kusoma diski bila kuiwasha hatahitaji hata neno la siri." Ni kweli kabisa, na ndiyo sababu nasema wafundishwe. Neno la siri linaloulizwa na mfumo endeshi ni bawabu aliyesimama mlangoni. Bawabu huyo yuko kazini pale tu mfumo unapokuwa umewaka. Anayelipata faili la diski haingii kwa mlango; amekwisha kuinua paa. Mwalimu aliyehifadhi mtihani wa muhula katika kompyuta pepe, akaridhika kwa kuwa ameweka neno la siri, hajahifadhi kitu. Kinachohifadhi ni usimbaji, yaani kuibadilisha diski nzima kwa ufunguo hata baiti zake zisisomeke pasipo ufunguo huo. Hapo hata libguestfs huomba ufunguo kwanza, na asiye nao haoni kitu. Kadhalika, ni ulinzi wa faili lenyewe: nani anaweza kulinakili, na liko wapi. Ujinga wa mwalimu haujapata kumzuia mwanafunzi mwerevu. Humzuia mwalimu peke yake.

Wala sidai kwamba elimu hii haina hatari. Diski ya mtu ina barua zake, picha zake na habari za ugonjwa wake. Mwanafunzi anayefundishwa kuifungua afundishwe siku hiyohiyo, na si muhula unaofuata, kwamba anahitaji ruhusa ya mwenye diski. Nasi tunao mfano mzuri: mwanafunzi wa biolojia hukabidhiwa kisu kikali na kupasua chura, na hatujaacha kufundisha biolojia kwa kuogopa visu.

Pingamizi la pili ni la watu wa kisasa. Wanauliza kwa nini kuandika amri kwa herufi, kama walivyofanya wazee wa miaka ya 1970, wakati kuna madirisha na picha na kipanya. Sina ugomvi na kipanya. Naandika barua zangu kwa msaada wake. Lakini tunapozungumzia uchunguzi, ubora wa amri iliyoandikwa ni ubora uleule wa ripoti ya maabara. Amri iliyoandikwa hubaki. Mwanafunzi aweza kuinakili katika daftari, herufi kwa herufi, pamoja na jibu lililotoka, na mwanafunzi wa shule nyingine, akiwa na nakala ya diski ileile, aweza kuirudia na kuona kama atapata jibu lilelile. Hebu jaribu kuandika katika daftari mahali ulipobonyeza kipanya! Mwalimu anayesahihisha hana njia ya kujua. Sayansi tunayoifundisha katika fizikia na kemia inasema kwamba jaribio lisiloweza kurudiwa na mwingine si ushahidi; basi kwa nini katika chumba cha kompyuta kanuni hiyo tunaiacha mlangoni?

Tena amri huungana. Orodha ndefu iliyotolewa na virt-ls yaweza kupitishwa kwa grep ili ichuje majina yenye neno fulani, kisha kwa sort ili yapangwe, kisha kwa wc ili yahesabiwe. Ungaunga huu wa kupitisha matokeo ya amri moja kuwa chakula cha amri nyingine uliingizwa katika mfumo wa Unix mwaka 1973 kwa ushawishi wa Douglas McIlroy, na mpaka sasa sijaona njia ya picha inayoukaribia. Mchunguzi mwenye diski thelathini za wanafunzi thelathini hatabonyeza mara thelathini. Ataandika mstari mmoja.

Zipo shule ambazo kompyuta zake ni chache na za zamani, na zana kama libguestfs, ambayo huamsha kompyuta pepe kila inapoitwa, huko itakwenda polepole sana. Hiyo si sababu ya kungojea. Somo lenyewe laweza kuanza bila kompyuta pepe yoyote, kwa diski ndogo ya kutengeneza. Naeleza hapa jinsi ninavyolifanya, na mwalimu mwingine alirekebishe atakavyo.

Tunatumia kompyuta moja yenye Linux na programu za mtools, ambazo huwekwa mara moja na baada ya hapo hazihitaji intaneti. Mwanafunzi wa kwanza huandika truncate -s 10M diski.img, na faili tupu la megabaiti 10 huzaliwa. Tunauliza du linachukua nafasi gani. Jibu huwashangaza, nao hukumbuka hadithi ya ekari. Mwanafunzi wa pili huandika mkfs.vfat diski.img, na faili limekuwa diski. Tunachapa baiti 512 za kwanza na kuutafuta muhuri wa 55 na AA, ambao upo hapa pia. Wa tatu hutunga faili dogo liitwalo ALAMA.TXT, lenye majina matatu ya kubuni na alama zao, na kuliingiza kwa mcopy -i diski.img ALAMA.TXT ::. Sasa tunatafuta jina hilo katika baiti za diski kwa xxd, na tunalikuta, A, L, A, M, A, likifuatwa na nafasi tupu na herufi za TXT. Mbele kidogo tunayakuta majina ya wanafunzi wetu wa kubuni, wazi kama yalivyoandikwa.

Kisha tunalifuta faili kwa mdel -i diski.img ::ALAMA.TXT, na kuthibitisha kwa mdir kwamba halipo. Ninawaambia darasa zima liandike katika daftari, kabla ya kutazama, wanatazamia kuona nini ndani ya diski. Karibu wote huandika kwamba watakuta sifuri. Tunatazama. Herufi ya kwanza ya jina imegeuka kuwa baiti E5. LAMA ipo mahali pake, TXT ipo, na majina yote matatu na alama zake yapo chini, hayakuguswa. Kufuta kulikuwa ni kubadili herufi moja ya jina, na kuandika katika daftari la diski kwamba nafasi ile sasa ni huru kwa atakayekuja.

Kazi hiyo inachukua vipindi viwili vya dakika arobaini. Cha tatu ni cha kunakili diski kwanza, kisha kuiharibu nakala moja kwa makusudi, wanafunzi wa upande mmoja wakibadili baiti kadhaa za muhuri na wa upande wa pili wakitafuta kilichobadilika kwa cmp. Cha nne ni cha kompyuta pepe yenyewe, kwa shule iliyo nayo. Mwaka uliopita, katika kipindi hicho cha nne, mvulana mmoja aliniuliza kama faili letu la diski, lile la alama za miaka mitatu, lilifutwa kwa namna ileile, na kama nasi tulibadili herufi ya kwanza tu. Nilimweleza kwamba mfumo wa faili wa kompyuta ile ulikuwa mwingine na kanuni zake ni nyingine, na kwamba kwa vyovyote siku ileile tuliweka Windows upya juu ya nafasi iliyoachwa. Akatikisa kichwa, akauliza ni nani aliyetuharakisha.